Kufuli la Wegesa

Mbwa alikuwa akibweka kwenye sikio la kushoto. Mogesi aliirudisha sauti nyuma, akaupunguza ule mbweko kidogo, akasikiliza tena. Mzee Kisyeri wa Nyakunguru alikuwa akitaja malisho ya zamani, moja baada ya jingine, na kila alipofika kwenye jina la kijito kimoja yule mbwa alilifunika. Mogesi alirudia, akarudia tena, mpaka jina likajitokeza lenyewe kama mtu anayetoka nyuma ya pazia. Akaliandika. Chini yake akaandika Kiswahili chake, kisha akaweka alama ya kijani pembeni. Kijani maana yake kila mtu ruksa kusikia.

Chumba walichopanga pale Nyamwaga kilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, nacho kilinuka dawa ya kuhifadhia mahindi kutwa nzima. Kilikuwa na meza mbili. Kwenye meza ya pili alikaa Agustina, msichana wa kabila la Wanata kutoka upande wa Serengeti, ambaye ndiye aliyekuwa akizunguka vijijini na kinasa sauti. Agustina alirekodi, Mogesi akaandika. Mradi ulikuwa wa chuo kikuu. Ulitaka kukusanya sauti za wazee wa vijiji vinavyozunguka machimbo ya dhahabu, kabla wazee hawajaisha na kabla nchi yenyewe haijabadilika sura, uziweke kwenye hifadhi moja ya kompyuta, ili mjukuu aliyeko Mwanza au ughaibuni aweze kumsikia bibi yake kwa simu tu.

"Umemaliza kijani?" Agustina aliuliza.

"Huyu ndiye wa mwisho."

"Kwa hiyo imebaki ile."

Mogesi alivua hedifoni, akaziweka juu ya meza.

Ile ilikuwa faili moja yenye alama nyekundu. Wanawake wazee wa Kerende, walipoombwa waseme, walikubali kwa sharti. Ya shambani na ya jikoni yasikiwe na kila mtu. Ya ndani, yale ambayo mwanamke huambiwa anapokuwa ametoka jandoni, ameshakeketwa, na kukalishwa na wenzake, yasikiwe na wanawake waliopita jando tu. Mogesi mwenyewe ndiye aliyekaa nao kwenye mkeka, akaandika sharti hilo, akaenda kulitetea mbele ya wakubwa wa mradi mpaka likakubaliwa. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyejifundisha kuuendesha mfumo ule, kidogo kidogo, kwa kuharibu na kutengeneza, ni yeye pia aliyeliweka kufuli.

Kompyuta ilipotaka kujua kila mtumishi ni nani, ilimuuliza na yeye. Jinsia: mwanamke. Ukoo: Mnyamongo. Lugha: Kikurya. Umepita jando? Alikaa na swali hilo muda, kisha akajibu ukweli. Hapana. Basi lile kufuli alilolitengeneza kwa mikono yake likamfungia nje.

Nyekundu zote ziliandikwa na mwenzao Scholastica, Mkurya aliyepita jando. Alizimaliza zote isipokuwa moja. Labda aliiacha kwa sababu ilikuwa ndefu, labda kwa sababu alijua ni ya nani. Kisha uchungu ukamshika kabla ya wakati, na sasa alikuwa Mwanza, wodini, na mtoto njiti kifuani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpigia simu ya kazi.

Faili hiyo ilikuwa ya Wegesa wa Kerende. Wegesa alikuwa mama yake Mogesi. Alizikwa mwezi wa nne, mvua zikinyesha.

*

Simu ya Daktari Felix iliingia saa nne. Alikuwa mkuu wa mradi, mtu mpole, hana makuu, aliyezoea kuuliza hali ya watoto kabla ya kuuliza kazi.

"Watoto hawajambo, Daktari."

"Vizuri. Zile nyekundu vipi?"

"Imebaki moja. Sina mtu wa kuiandika."

"Mtu wa nini, Mogesi? Wewe si upo? Wewe ndiye msimamizi, ufunguo mkuu unao. Hakuna mlango usioufungua kwenye mfumo ule."

"Ufunguo ninao, Daktari. Ruhusa ndiyo sina."

Kwenye simu ilisikika feni ikizunguka mahali fulani Dar es Salaam.

"Hifadhi inafungwa Ijumaa," alisema. "Sauti isiyo na maandishi haipokelewi. Si mimi niliyepanga, ni wenye fedha. Ikibaki nje, imebaki nje. Itakaa kwenye kompyuta yenu hiyo mpaka siku itakapoharibika. Na huyo mama ameshafariki, hatutampata tena."

"Najua."

Hakumwambia ni mama yake. Kwenye orodha ya mradi kulikuwa na jina la Wegesa na kijiji chake tu, na Daktari Felix hakuwa na sababu ya kujua. Mara nyingi alimtambulisha Mogesi kwenye mikutano kama "mwenzetu, mwenyeji kabisa," na watu wakapiga makofi. Hakujua kwamba huko wenyeji wenyewe walikomtambua, walimtambua kwa jina jingine.

"Nikuulize kama ndugu," Daktari Felix aliendelea kwa sauti ya chini. "Ulishawahi kuniambia ulitoroka ukiwa mtoto ili wasikukate. Mila hiyo hiyo iliyokufukuza ndiyo leo unailinda kwa kufuli. Kwa nini?"

Mogesi alitazama dirishani. Mtu alikuwa akishusha mifuko ya mbolea kutoka kwenye gari.

"Sijui, Daktari," alisema. "Niliwapa neno langu."

*

Alikimbia akiwa na miaka kumi na minne, mwezi wa Desemba, wakati ngoma zilipokuwa zikipita njiani na wasichana wa rika lake wakiandaliwa. Alitembea na mwenzake mpaka kwenye nyumba ya masista upande wa Serengeti, na huko akakaa mpaka msimu ukapita, akakaa mpaka shule ikaisha. Wenzake wengine wazazi wao walikuja kuwachukua, wakasameheana, wakapigwa picha na mkuu wa wilaya. Wegesa hakuja.

Miaka ilipita. Mogesi aliolewa, akazaa, akarudi kusalimia. Wegesa aliitika salamu zake, akampa chakula, akawabeba wajukuu. Lakini hakuongea naye. Walizungumza habari za mvua na za bei ya maharage, kama watu waliokutana sokoni. Mogesi alikuwa na nywele nyeupe za kwanza, ana watoto wawili shuleni, na bado mbele ya mama yake alikuwa msagane, msichana ambaye hajapita, na msagane haambiwi neno.

Kwa hiyo mradi ulipofika Kerende, alimtuma Agustina. Yeye alikwenda Musoma kwenye mafunzo ambayo angeweza kuyakwepa. Aliporudi alikuta mama yake amezungumza karibu saa nzima. Saa nzima! Hakuwahi kupata hata robo yake. Alifurahi, akasema ataisikia siku moja, Mungu akijalia, mama akilegea. Kisha zikaja mvua za mwezi wa nne, na homa, na msiba.

Siku ya mazishi wanawake waliingia ndani kwa Wegesa, wakafunga mlango, wakaimba. Mogesi ndiye kifungua mimba. Alisimama nje na wasichana wadogo, ameshika beseni la sahani, na binti mmoja wa darasa la sita alimuuliza, "Na wewe shangazi, bado?"

*

Alifungua ile faili, si kusikia, bali kuangalia. Kompyuta ilificha sauti, lakini mchoro wa sauti iliuonyesha: mstari mrefu unaopanda na kushuka kama vilima vya Tarime vikionekana kutoka mbali. Mtu aliyeandika sauti za watu miaka mitatu huuzoea mchoro. Alijua hapa ni kicheko, vilele vifupi vifupi vilivyosongamana. Hapa ni wimbo, mmoja anaanza, wengine wanaitikia, mawimbi yanalingana. Hapa mama peke yake, taratibu. Na karibu na mwisho, kimya. Kirefu. Mstari umelala kabisa, kama mtu aliyelemewa na jambo, halafu unainuka kwa ghafla.

Mogesi aliutazama ule mstari uliolala, na kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ufunguo mkuu ulikuwa maneno mawili na namba. Nani angejua? Chozi lilidondoka kwenye kibao cha herufi, akalifuta kwa mtandio.

"Gusta," aliita. "Siku ile kwa mama. Karibu na mwisho palikuwa na kimya kirefu. Alikuwa anafanya nini?"

Agustina aliinua uso haraka. "Umesikiliza?"

"Sijasikiliza. Nimeona kwenye mchoro."

Agustina alifikiri. "Mbuzi," alisema. "Mbuzi waliingia kwenye mihogo. Alitoka kuwafukuza, sisi tukabaki tumekaa. Akarudi anahema, akawatukana matusi ya kweli kweli. Tulicheka mpaka basi."

Mogesi alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, halafu kikamwisha. Kile kimya alikuwa ameshakijaza mambo mengi.

"Alinitaja?"

"Dada, mimi Kikurya chenu nashika neno mojamoja. Walikuwa wanapokezana haraka haraka, huyu anasema, yule anaimba. Kama alisema Mogesi, halikunifikia. Kama alisema mwanangu, kila mtu pale alikuwa mwanawe. Hata mimi aliniita hivyo."

"Wewe?"

"Mimi. Alinipa na ndizi za kuondoka nazo."

Hilo lilimchoma Mogesi kuliko alivyotaka lionekane, na lilionekana. Agustina alisukuma kiti chake nyuma.

"Unajua, dada, siku hizi zote ninakuona unauzunguka huo mlango, na sielewi nikuhurumie au nikukasirikie. Mimi nilishikwa na shangazi zangu, mmoja huku, mwingine huku. Nilikuwa darasa la tano. Hakuna aliyeniuliza. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nusura nife kwa ajili hiyo. Ndiyo maana ninaruhusiwa kukaa ndani na mama yako na wewe huruhusiwi. Huo ndio ufunguo wangu. Nikupe?"

Mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma, ikazima. Mogesi alikaa mikono mapajani.

"Pole, Gusta."

"Sijaomba pole."

Agustina alitoka. Mogesi alidhani ameondoka kabisa, lakini baada ya muda alirudi na vikombe viwili vya chai ya maziwa, akaweka kimoja mbele ya mwenzake.

"Mimi ninaruhusiwa lakini sielewi," alisema alipokwisha kunywa. "Wewe unaelewa lakini huruhusiwi. Nani anayeruhusiwa na anaelewa?"

"Mama mdogo Gati. Lakini hajui kuandika."

"Basi tutakuwa watatu."

*

Walikwenda Kerende Alhamisi asubuhi, kwa pikipiki mbili, kompyuta imefungwa kwenye kanga ndani ya begi. Mama mdogo Gati alikuwa mke mwenza wa Wegesa, mdogo kwake, na kwa miaka mingi walilea watoto kwenye boma moja bila kugombania chungu. Walimkuta uani anapukuchua mahindi. Pembeni yake alikaa jirani mmoja, Mokami, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, mama mdogo. Shikamoo, mama Mokami."

"Marahaba, wanangu."

"Tazama, msagane wa kompyuta amekuja!" Mokami alisema, akacheka huku akipiga paja. "Leo unakamata sauti za nani? Mkamate na jogoo wangu, anajua historia nyingi."

"Jogoo wako tulishamrekodi, mama," Mogesi alisema. "Yumo kwenye kila faili ya kijiji hiki, hata tusipomtaka."

Mokami alicheka tena, akainuka, akajipangusa. Alipompita Mogesi alimshika bega kidogo, kwa upole, kama mtu anayeshika bega la mtoto. Kisha akaenda zake.

Mogesi alieleza shida yao taratibu. Kwamba sauti ya Wegesa itabaki nje ikikosa maandishi. Kwamba kompyuta itaifungua kwa jina la Agustina, na mama mdogo atasikiliza kwa hedifoni, kipande baada ya kipande. Anayoona yanafaa kuandikwa atayarudia kwa mdomo wake. Ya ndani atainua mkono, na hapo hawataandika chochote ila kwamba pamefungwa.

Gati alisikiliza huku vidole vikiendelea na mahindi.

"Na wewe utakaa wapi?"

"Hapo, upande wa pili. Sitasikia."

"Utamsikia kwa kunitazama."

"Nitaangalia daftari, mama mdogo."

Gati alivuta pumzi. "Haya. Nivisheni hicho kitu."

Agustina aliandika neno lake la siri, akamvisha yule mama hedifoni juu ya kilemba. Mogesi alikaa kwenye kigoda, amegeuza uso upande wa migomba. Alisikia kitufe kikibonyezwa. Basi. Baada ya hapo kulikuwa na kuku, na pikipiki ya mbali, na mahindi machache yaliyodondoka kutoka mkononi mwa Gati.

"Ee, Wegesa!" Gati alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozibwa masikio. "Wegesa, kumbe umo humu!"

Mogesi aliuma midomo. Alikuwa ameahidi kuangalia daftari, akainua macho, akamwona mama mdogo akitabasamu kwa mtu asiyeonekana, akitikisa kichwa, akijibu, "Ndiyo. Ndivyo. Uongo huo!" Halafu machozi yakamshuka yule mama huku bado anatabasamu, wala hakuyafuta.

Agustina alisimamisha sauti. "Mama, hapo tuandike?"

Gati alivua hedifoni, akazishika mapajani kama kifaranga.

"Hapo mwanzo anasalimia. Anasema yeye ni Wegesa, alizaliwa Nyamwaga, akaja hapa akiwa ameolewa. Anataja mama yake na mama wa mama yake. Hiyo andika."

Mogesi aliandika. Majina yale aliyajua, lakini hakuwahi kuyasikia kwa mpangilio ule. Kisha akauliza, kalamu bado mkononi:

"Amenitaja?"

Gati alimtazama. "Unaniuliza kama nani, mwanangu? Kama mtu wa mradi, au kama mtoto wa Wegesa?"

"Siwezi kuwatenganisha, mama mdogo."

"Mimi lazima niwatenganishe. Mtu wa mradi nimeshamjibu. Mtoto wa Wegesa..." Aliokota punje moja chini. "Yaliyo ndani ya mashine sikuambii. Lakini kuna neno alilisema kabla mashine haijawashwa, na hilo halina kufuli. Nikwambie?"

"Niambie."

"Sisi wengine tulikuwa tayari kusema tu. Kwanza tulikuwa tumeshazeeka, tukisema itatudhuru nini? Siku ile uliyokuja na mkeka wako, jioni tulikaa, tukasema, tumwachie mtoto arekodi, kila mtu asikie. Wegesa ndiye aliyekataa. Yeye ndiye aliyetaka kufuli. Tukamuuliza, sasa Mogesi si ndiye mwandishi, ataandikaje? Akasema, hata wa kwangu asisikie. Asubuhi yake tukakuambia wewe, kama neno letu sote."

Huko mgodini baruti ya mchana ililipuka. Ardhi ilitetemeka kidogo, kuku wakatulia, kisha wakaendelea.

Mambo yote aliyoyasema Mogesi mbele ya wakubwa wa mradi yalimrudia, maneno mazuri kuhusu heshima ya jamii na haki ya wanawake wazee juu ya sauti zao. Watu walikuwa wametikisa vichwa. Alikuwa amesimama pale, msomi wa kujitegemea, Mkurya, mwanamke, akitetea kufuli ambalo mama yake alilitengeneza kwa ajili yake peke yake.

"Kwa nini?" aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Sikumuuliza."

"Alikuwa ananiadhibu?"

"Labda." Gati alisema bila haraka. "Labda alikuwa anakuadhibu. Labda hakutaka uyasikie yale yaliyokukimbiza, akaona ulishatembea mbali sana usiku ule, usirudishwe kwa maneno. Nililala boma moja na mke mwenzangu tangu nina matiti ya kisichana, tukazikiana watoto, na moyo wake sikuujua wote. Nisikudanganye."

Agustina alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kompyuta. Aliondoa mkono wake kwenye kibao.

"Dada," alisema polepole, "ufunguo mkuu unao. Mimi nitakwenda kununua vocha. Mama atakwenda kutazama ng'ombe. Hatutakuwa tumeona."

Gati alikusanya magunzi kwenye ungo.

Mogesi aliitazama kompyuta. Pale kwenye kioo vilima vya mama yake vilikuwa vimesimama, alama ndogo ikionyesha walipofikia, mwanzoni kabisa, kwenye salamu. Mbele yake kulikuwa na vicheko, na nyimbo, na mahali pale mbuzi walipoingia kwenye mihogo. Alitamani angalau yale matusi ya mbuzi. Angeridhika na hayo. Alinyoosha mkono mpaka ukafika kwenye kingo za kibao, na vidole vikakaa hapo.

"Alipokataa," alimuuliza Gati, "alisema kwa hasira?"

"Alisema kama anavyosema mambo yake. Taratibu."

Mogesi alirudisha mkono. Alijipangusa uso kwa mtandio, pande zote mbili, kwa uangalifu, kama mtu anayeosha sahani asiyotaka ivunjike.

"Tuendelee, mama mdogo," alisema.

"Una hakika?"

"Hapana. Tuendelee tu."

Gati alivaa tena hedifoni, na mara hii alijivika mwenyewe. Wakaendelea. Kulikuwa na wimbo wa kusagia ulezi, na huo Gati aliuona hauna siri, akauimba wote kwa sauti yake iliyokwaruza, na Mogesi akaandika. Kulikuwa na maneno kuhusu njaa ya mwaka mmoja wa zamani, akaandika. Kisha mkono wa Gati ukainuka, ukabaki hewani. Mogesi alitazama migomba. Mkono haukushuka kwa muda mrefu. Mara alisikia Gati akisema, si kwa nguvu kama mwanzo bali kwa kunong'ona, "Pole, dada yangu. Pole." Hakuuliza pole hiyo ni ya nini. Mkono uliposhuka aliandika kwenye daftari mahali palipoanzia na mahali palipoishia, na katikati akaandika: *pamefungwa*.

Ilikuwa kazi ya polepole kuliko walivyodhani. Gati alichoka, akaomba maji. Maneno mengine aliyarudia kwa namna yake, ikabidi arudi kuyasikiliza tena ayaseme kama Wegesa alivyoyasema. Mara mbili yeye na Agustina, aliyeikumbuka siku ya kurekodi, walibishana kama kipande ni cha ndani au cha nje, Agustina kwa Kiswahili na Gati kwa Kikurya, na Mogesi aliyezielewa lugha zote mbili hakuweza kuamua, kwa sababu hakujua wanabishania nini.

Jua lilipoanza kuelemea upande wa ziwa, ng'ombe walisikika wakirudi. Chaji ya kompyuta ilikuwa nyekundu. Walikuwa hawajafika hata nusu.

"Kesho ni Ijumaa," Agustina alisema.

"Najua."

"Hatutamaliza."

"Labda hatutamaliza."

Simu ya Mogesi ilikuwa na ujumbe wa Daktari Felix: *Tumefikia wapi?* Alifikiria kumweleza, akaandika, akafuta. Mwishowe aliandika kwamba wanaendelea, kwamba huyo mama wa Kerende ni mama yake mzazi, na kwamba akipenda aombe siku mbili tatu za nyongeza kwa wenye fedha. Akatuma kabla hajaisoma tena.

Gati alisimama kwa kushika goti. "Mje mapema," alisema, "kabla sijakwenda shamba. Na mje na kitu cha kuchajia, msinifanye nikatizwe katikati ya maneno ya mtu." Alimgeukia Mogesi, akataka kusema jambo, kisha akachukua ungo wa magunzi. "Utakula ugali kabla ya kuondoka?"

"Nitakula, mama mdogo."

Agustina alikuwa akikunja nyaya. Mogesi alifungua daftari mara moja tena, akatafuta mahali walipoishia, mwanzo wa wimbo mwingine ambao Gati alisema una beti za nje na za ndani zilizochanganyika, na itabidi kuzichambua moja moja. Akapiga mstari. Chini yake akaandika saa ya kwenye faili, ili asubuhi waanzie hapo.